Joka Lipakwe Rangi Gani?

Mwanafunzi wa Lubumbashi atakaye kufinyanga sanamu ndogo hana haja ya kwenda mbali kutafuta udongo. Vile vichuguu vikubwa vyekundu vinavyouzunguka mji, ambavyo udongo wake umefyatuliwa matofali ya nyumba nyingi, humpa udongo mwororo unaoshikana vizuri. Kwa udongo huo atafinyanga wachungaji na kondoo kwa ajili ya pango la Noeli, au Malaika Mikaeli mwenye joka chini ya miguu yake, au zimwi la hadithi za bibi, au Kalulu, yule sungura mjanja. Kazi hiyo huifanya kwa bidii na kwa furaha. Lakini sanamu zikisha kukauka, na saa ya kuzipaka rangi ikifika, twaona jambo la ajabu: yule aliyefikiri siku 3 juu ya mkono wa mchungaji hafikiri hata dakika 1 juu ya rangi ya joho lake. Hupaka kwa rangi iliyobaki katika kopo.

Ndugu msomaji, huenda ukasema hilo ni jambo dogo, mchezo wa watoto tu. Nami nasema si dogo. Sanamu yenye urefu wa kidole haina uso wa kuonekana kwa mbali. Ukiiweka juu ya meza na kurudi nyuma hatua 3, huoni tena macho wala kinywa. Waona rangi peke yake. Rangi ndiyo inayokuambia huyu ni nani, ni mwema au ni mbaya, ni mfalme au ni mtumwa. Nalo neno linalosemwa na rangi mtoto hulisikia hata kama hakuna mtu aliyelitamka.

Huko Uingereza sanamu ndogo ni mchezo wa watu wazima pia, wala hawauonei haya. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu kizima cha kanuni za kupiganisha askari wadogo wa madini sakafuni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaanzishwa kampuni ya Citadel Miniatures, na mwaka 1983 ukatoka mchezo uitwao Warhammer, ambao majeshi yake si ya askari wa kweli bali ya viumbe vya kubuniwa: mashujaa, vibeti wa milimani, wafu wanaotembea, majoka na mazimwi. Sanamu nyingi za mchezo huo zina urefu wa sentimeta 3 hivi, na mwenye kuzinunua huzipaka rangi mwenyewe. Wenye uzoefu hufuata desturi moja ambayo yatufaa na sisi. Kila jeshi hupewa rangi moja kuu, ambayo hulifunika karibu lote. Kisha rangi ya pili, inayosaidia ile kuu. Na mwisho rangi ya tatu, kidogo sana, mahali pale tu ambapo jicho latakiwa kutua: juu ya ngao, au upanga, au taji. Anayetumia rangi 10 sawasawa hupata kitu kama nguo kuukuu yenye viraka, na mtazamaji hajui aangalie wapi.

Nimeona pia katika sanamu hizo jambo moja la busara. Mazimwi yao, wayaitayo Orki, hupakwa ngozi ya rangi ya majani mabichi. Hakuna taifa la wanadamu duniani lenye ngozi ya namna hiyo. Kwa hiyo mtoto yeyote, awe wa Ulaya, wa Asia au wa Afrika, aweza kulichukia zimwi lile bila kujichukia mwenyewe au jirani yake.

Nalitaja jambo hilo kwa sababu. Katika darasa moja nililowahi kufundisha, watoto walipaka rangi Malaika Mikaeli na joka. Wengi wao, bila kuambiwa na mtu, walimpa malaika uso wa rangi ya waridi, na joka wakalipaka weusi wa mkaa, nalo shetani mdogo aliyekaa juu ya mkia wa joka wakampaka weusi uleule. Msichana mmoja, alipokwisha kupaka, aliweka mkono wake kando ya malaika akautazama. Kisha akauweka kando ya shetani, akautazama tena. Hakusema neno. Akaenda kunawa. Sikupendezwa hata kidogo na ukimya ule.

Wapi walijifunza hayo? Tusiwalaumu watoto. Kwa miaka mingi picha za kufundishia dini zilichapwa Ulaya, na wachoraji wake waliwapa malaika na watakatifu nyuso za jirani zao wa kule, na shetani wakampa giza la usiku. Mchoraji aliyekaa Paris huenda hakumfikiri Mwafrika hata kidogo alipochovya brashi katika wino mweusi. Lakini picha ilivuka bahari, ikatundikwa ukutani mbele ya watoto weusi, na hapo ikaanza kusema neno jingine.

Nao wanaodai kwamba Maandiko ndiyo yaliyoagiza hivyo, na wafungue Kitabu cha Ufunuo, sura ya 12. Joka lililoonekana mbinguni lilikuwa jekundu, mfano wa moto, si jeusi. Katika sura ya 6 ya kitabu kilekile wamo farasi 4, nao ni mfano mzuri wa rangi zenye maana: mweupe wa mshindi, mwekundu wa vita, mweusi wa njaa, na yule wa mwisho, wa mauti, ambaye neno la Kigiriki lamtaja kuwa na rangi ya ukijani uliofifia, kama majani yanayokauka. Farasi mweusi yumo, ndiyo, lakini mpandaji wake ameshika mizani ya kupimia nafaka. Mweusi yule ni wa ghala tupu. Hahusiani na ngozi ya mtu.

Tukiwauliza wazee wetu, watatufundisha zaidi. Kwa makabila mengi ya Katanga na ya nchi jirani rangi zenye uzito zilikuwa 3: nyeupe, nyekundu na nyeusi. Mwanachuoni Mwingereza Victor Turner alikaa katika miaka ya 1950 kwa Wandembu wa Mwinilunga, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Zambia, akayaandika mambo hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Nyeupe kwao ilikuwa ya maziwa, afya na bahati njema. Nyekundu ilikuwa ya damu, nayo ina pande mbili, kwa kuwa damu ya mama anayezaa si sawa na damu iliyomwagwa na muuaji. Nyeusi ya mkaa ilikuwa ya mauti, msiba na uchawi. Je, hapo tumerudi palepale? La. Wandembu walijua pia weusi wa udongo wa mtoni na weusi wa wingu la mvua, na udongo ule mweusi ulikuwa na kazi njema: ulihusiana na ubaridi, amani na ndoa. Mkulima gani wa Katanga, mwezi wa Oktoba, baada ya miezi ya kiangazi, atalitazama wingu jeusi na kusema ni la shetani?

Na nyeupe je? Waluba huiita pemba ile chokaa nyeupe, na bilumbu, yaani waganga wa ramli, walijipaka pemba walipotafuta kusema na pepo. Katika vinyago vya kifwebe vya Wasongye, kinyago cha kike huwa cheupe kwa sehemu kubwa, na kile cha kiume, chenye upanga wa juu kichwani, huwa na mistari ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, nacho huogopwa zaidi. Basi nyeupe ni rangi ya ulimwengu mwingine. Malaika mweupe si kosa kwa macho ya mzee wa Kiluba. Ila mzee huyo, akimwona mchungaji wa Bethlehemu aliyepakwa weupe tupu usoni, atauliza kwa upole mchungaji huyo alikufa lini.

Hata wachoraji wa mji wetu hawakuhitaji rangi nyeusi ili kuchora kishawishi. Wasomaji wenye umri watakumbuka picha za Mamba Muntu zilizotundikwa katika vyumba vya mapokezi vya Lubumbashi katika miaka ya 1970: mwanamke wa majini, nusu mtu nusu samaki, mwenye nywele ndefu na nyoka mwilini. Habari zake zilijulikana: huwapa watu mali, lakini mali hiyo hulipwa kwa uhai wa ndugu. Ngozi ya huyo mshawishi haikuwa nyeusi hata kidogo. Aghalabu ilikuwa nyeupe au ya maji ya kunde iliyong'aa, kwa sababu yeye si wa kwetu, ametoka mahali ambapo fedha hutoka. Aliyebuni rangi ile alijua anasema nini. Vivyo hivyo katika zile picha zilizoitwa Colonie Belge, ambazo mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947, alizichora pamoja na historia nzima ya nchi: bendera ya Ubelgiji na nguo za mistari za wafungwa zakuambia habari yote kabla hujatafuta uso wa mtu yeyote.

Sasa tuseme juu ya ngozi yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo wanafunzi hukwama. Husema, “Mwalimu, sisi ni weusi, basi tupake nyeusi.” Lakini tazama mkono wako juani, ndugu yangu. Hakuna mtu wa rangi ya mkaa. Ngozi zetu ni za udongo, za mbao, za kahawa, za asali iliyoiva. Na ndugu 2 wa mama mmoja hawafanani. Chukua nyekundu ya udongo, uongeze manjano ya udongo, kisha nyeusi kidogo, tone baada ya tone, au buluu badala ya nyeusi ikiwa wataka ngozi yenye kina. Huo ndio msingi. Katika mikunjo, chini ya kidevu na kati ya vidole, tumia rangi ileile iliyotiwa giza kidogo. Kwenye paji la uso, pua na mashavu, ambako mwanga hupiga, iongeze manjano au rangi ya chungwa. Usiongeze nyeupe tupu! Nyeupe huifanya ngozi ya hudhurungi kuwa kama ya mtu aliyejipaka majivu, na hapo umekwisha kufinyanga mzimu wakati ulitaka kufinyanga Yosefu.

Wako watakaoona kwamba kumpa Yosefu au Mama Maria rangi ya watu wetu ni kubadili historia. Watu hao walikuwa Wayahudi wa Palestina, ndiyo. Lakini hawakuwa na uso wa rangi ya waridi wa msichana wa Flandria, na kwa hilo hakuna aliyelalamika karne zote hizi. Huko Montserrat, Hispania, na Częstochowa, Polandi, mahujaji hupiga magoti mbele ya Bikira mwenye uso mweusi. Na mmoja wa Mamajusi, ambaye Injili ya Mathayo haitaji rangi yake wala hata idadi yao, alifanywa Mwafrika na wachoraji wa Ulaya wenyewe, hasa tangu karne ya 15, ili ionekane kwamba mataifa yote yalifika pangoni. Lile lilikuwa chaguo la rangi lenye maana, nalo limedumu.

Hata hivyo maana haitoki katika desturi peke yake. Hutoka pia katika ardhi. Hapo Mkatanga ni tajiri kuliko apendavyo kujua. Lile jiwe la malakiti ambalo mafundi wa Lubumbashi hulichonga kuwa ndovu na mamba wadogo, rangi yake ya majani mabichi yatoka katika shaba. Nyekundu ipo katika udongo wa njia tunazotembea, na katika mti wa mukula, ambao mbao zake huonekana kama zimelowa damu. Nyeupe ni pemba. Nyeusi ni mkaa wa jikoni.

Na buluu? Habari ya buluu yafaa kusimuliwa polepole. Zamani wachimbaji madini wa Ujerumani walikuta mawe yaliyofanana na ya fedha au shaba. Walipoyachoma hayakutoa fedha wala shaba, bali moshi wenye sumu uliowaua. Wakasema ni hila za kobold, yaani kizimwi kinachokaa mgodini na kuiba madini mazuri, kikiacha mabaya mahali pake. Katika karne ya 18 Mswidi Georg Brandt akaonyesha kwamba ndani ya mawe yale imo metali mpya, nayo ikabaki na jina la kile kizimwi: kobalti. Mwaka 1802 Mfaransa Thénard akatengeneza kutoka kwake rangi ya buluu safi isiyofifia. Leo zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia hutoka Kongo, na karibu yote katika ardhi hii ya shaba tunayoikanyaga. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kolwezi au wa Likasi akiniuliza zimwi la mgodini lipakwe rangi gani, jibu ninalo tayari. Lipakwe buluu. Jina lake limo ndani ya rangi, na baba wa mwanafunzi huyo huenda ameishika kwa mikono yake ikiwa bado jiwe.

Buluu ya joho la Mama Maria ina habari nyingine. Wachoraji wa zamani waliipata kwa kusaga jiwe la lapisi lazuli, ambalo lilichimbwa katika milima ya Badakhshan, Afghanistan, na kubebwa njia ndefu hata Ulaya. Bei yake ilikaribiana na ya dhahabu. Hawakuweza kuipaka kila mahali. Waliiweka kwa yule waliyemheshimu kuliko wote katika picha. Mwaka 1828 Mfaransa Guimet alituzwa kwa kugundua namna ya kuitengeneza kiwandani, ikawa rahisi mno hata ikaingia katika buluu ya kufulia nguo nyeupe. Ile ya kopo dogo la dukani! Mafundi wa Nigeria waliitumia kupaka nywele za sanamu ndogo za mapacha. Basi asiye na fedha za kununua rangi asikate tamaa. Buluu ya kufulia, ikichanganywa na gundi nyembamba, hutosha. Lakini akumbuke wale wa zamani: buluu hiyo aiweke mahali pamoja tu katika pango lake. Wachungaji wote wakivaa buluu kwa sababu ilikuwa rahisi, Mama Maria hatatambulikana.

Haba ya rangi si hasara. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa mjini, enzi za jina la Élisabethville, karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Le Hangar, akaiongoza hata kufa kwake mwaka 1954. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aliwahimiza watazame mazingira yao na kukumbuka waliyoyaona. Pilipili Mulongoy akachora ndege, samaki na nyoka kati ya majani. Bela akapaka kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga akajaza picha zake mistari mifupimifupi, mara nyingi kwa rangi chache za udongo, na hakuna aliyewahi kusema kwamba picha za Mwenze ni maskini.

Yabaki maneno machache ya kazi yenyewe. Sanamu ikauke kivulini siku kadhaa. Ikiwa na unyevu ndani, rangi itabanduka. Paka kwanza msingi mmoja: mweupe kama wataka rangi zing'ae, mweusi au wa hudhurungi kama wataka kivuli kibaki katika mikunjo. Kwa kuwa kitu kidogo hupokea mwanga mdogo, rangi zake ziwe angavu kidogo kuliko za kitu kikubwa. Joho ambalo kwa mtu mzima lingekuwa jekundu sana, kwa sanamu ya kidole litakuwa sawasawa. Rangi za mafuta za nyumba, hasa za manjano na nyekundu, huweza kuwa na risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Wazazi wasome kopo kabla ya kununua, na mtoto asichonge ncha ya brashi kwa midomo. Wala malakiti isisagwe nyumbani, kwa maana vumbi lake ni sumu. Macho ya joka yapakwe mwisho kabisa, kwa kijiti kilichochongwa, tone moja la manjano na ndani yake tone la nyeusi. Vanishi ifuate kesho yake, nyembamba, na sanamu isirudishwe pangoni kabla harufu haijaisha.